UZI: Stenti ya mrija wa nyongo kwa saratani isiyoondoleka kwa upasuaji: kuchagua, kuweka, na kinachoharibika baadaye

Kinyanyuzi | #1

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenzangu wa vyumba vya endoskopi, wodi za upasuaji na tiba shufaa (ya kupunguza mateso), na pia wa ndugu yeyote anayemuuguza mtu aliyeambiwa "utawekewa mpira kwenye njia ya nyongo", yaani stenti: bomba dogo la plastiki au la wavu wa chuma linaloshikilia mrija uwe wazi. Saratani imebana mrija, jopo limekaa, limeona uvimbe hauondoleki kwa kisu. Nyongo itapita wapi?

Ini hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Yote hushuka kwenye mrija mmoja, ambao kabla ya kumwaga kwenye duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) hupenya kichwa cha kongosho na kutokea kwenye chuchu ndogo iitwayo papila. Mrija ukibanwa nyongo hurudi kwenye damu: macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai nzito, choo cheupe kama chokaa, na kuwashwa mwili mzima usiku kucha. Uvimbe wa kichwa cha kongosho ndio mbanaji mkuu wa sehemu ya chini. Juu, kwenye lango la ini ambako mirija ya kulia na kushoto hukutana, mbanaji huwa saratani ya mrija wenyewe, saratani ya kifuko cha nyongo iliyopanda, au matezi.

Hiyo tofauti ya chini na juu ishikeni, maana kazi ya chini na kazi ya juu ni kazi mbili.

Stenti haitibu saratani. Inaondoa kuwashwa, inarudisha hamu ya kula kwa wengi, inapunguza hatari ya usaha kwenye mirija, na inashusha bilirubini (rangi ya njano ya nyongo iliyo kwenye damu) hadi mgonjwa anayefaa aweze kuanza tibakemikali. Nyongo isipofika utumboni vitamini K hainyonywi, kwa hiyo hata damu huchelewa kuganda.

Nib Soehendra wa Hamburg alianza kuweka stenti ya plastiki kwa endoskopu mwaka 1979. Kabla ya hapo njia ilikuwa kuunganisha mrija na utumbo kwa upasuaji, au kupitisha bomba kwenye ngozi na ini. Mwaka 1994 jarida la Lancet lilichapisha ulinganisho wa London wa wagonjwa 204: nusu upasuaji wa kuunganisha, nusu stenti ya plastiki. Muda wa kuishi haukutofautiana kwa maana. Waliowekewa stenti walipata madhara machache mwanzoni, ila manjano ilirudi mara nyingi zaidi. Kuanzia mwaka ule mpaka leo sehemu kubwa ya kazi yetu ni kupambana na hilo la pili: manjano kurudi.

Nitaeleza hatua kwenye bandiko linalofuata. Wengine jazeni.

---

Mpasuaji_Ini | #2

Daktari Kinyanyuzi, kabla hujafika kwenye hatua, niweke kizuizi mlangoni.

Neno "isiyoondoleka" lithibitishwe kwanza. CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya mshipa, ya awamu ya kongosho na ya vena ya lango (mshipa mkubwa wa damu unaoingia ini), ifanyike KABLA ya stenti. Stenti ikishaingia, hasa ikifuatiwa na mchochota wa kongosho, picha huchafuka na mpaka wa uvimbe na mishipa ya damu hausomeki tena. Mgonjwa ambaye angeweza kupasuliwa anaweza kukosa nafasi kwa sababu tuliharakisha kuondoa manjano.

Na yule ambaye uvimbe wake unaondoleka, manjano peke yake si sababu ya kumwekea stenti. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 uliangalia wagonjwa wa saratani ya kichwa cha kongosho wenye bilirubini kati ya 40 na 250 mikromoli kwa lita. Waliokwenda upasuaji moja kwa moja walipata madhara makubwa kwa asilimia 39. Waliotangulizwa stenti, asilimia 74. Stenti zile zilikuwa za plastiki, na hilo lilichangia. Lakini somo lipo. Tangulizeni stenti kabla ya upasuaji pale tu penye maambukizi ya mirija, bilirubini iliyopita 250, upasuaji unaochelewa kwa wiki kadhaa, au tibakemikali ya kutangulia.

La pili, na huku kwetu lina uzito wa pekee: si kila kilichobana lango la ini ni saratani. Matezi ya kifua kikuu hubana mrija. Mirija ya mtu mwenye VVU aliyeshuka sana CD4 (seli za kinga) hubana. Pata kinyama cha kupima. Stenti ya chuma isiyofunikwa usiiweke kwa mtu ambaye saratani yake haijathibitishwa, kwa sababu nyama huota kupitia matundu yake na haitolewi tena.

---

DaktariTarajali | #3

Shikamooni wakubwa. Swali moja: brashi tunayopitisha kwenye mrija wakati wa ERCP (endoskopu inayoshushwa hadi duodeni ili kuingia mrija wa nyongo kwa msaada wa eksirei) ikirudi "hakuna seli za saratani", je, tuamini?

---

Mpasuaji_Ini | #4

Marahaba. Usiamini jibu la kukanusha. Brashi peke yake hunasa chini ya nusu ya saratani zilizopo, maana nyingi ni ngumu kama kovu na seli hazichubuki. Jibu la "zipo" ni la kuaminika, la "hazipo" halimalizi kesi. Ukiongeza kinyama cha koleo unapanda kidogo. Kwa uvimbe wa kongosho, sindano kupitia endoskopu ya ultrasaundi ndiyo njia nzuri, na ifanyike kabla ya kuweka stenti ya chuma, au siku hiyohiyo kwa usingizi mmoja.

Usipokuwa na jibu na mgonjwa anaumia, weka plastiki au chuma iliyofunikwa kote, ambazo hutoka.

---

Kinyanyuzi | #5

Nashukuru, Mkuu. Sasa hatua.

Maandalizi. INR (kipimo cha kuganda kwa damu) isizidi 1.5 na chembe sahani (chembe za kugandisha damu) ziwe 50,000 kwenda juu kama utakata sfinkta (msuli wa mlango wa mrija). INR ikiwa juu kwa sababu ya manjano, vitamini K miligramu 10 kwa mshipa, polepole, upime tena kesho yake. Kutokula masaa 6, maji masaa 2, isipokuwa kama duodeni nayo imebanwa na tumbo limejaa. Huyo aingie na mpira wa puani na bomba la koo, asilazwe kwa dawa nyepesi ya usingizi. Antibiotiki si za kila mtu. Mpe mwenye homa, mwenye kinga dhaifu, na yeyote ambaye unaona mapema kwamba hutaweza kukausha mirija yote (kuitoa nyongo iliyokwama humo), yaani karibu wote wa lango la ini.

Indometasini au diklofenaki miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa, kabla ya kuanza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, wagonjwa 602 walio katika hatari kubwa, ulionyesha mchochota wa kongosho kushuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.2 kwa waliopewa indometasini. Ni kidonge cha bei ndogo mno na bado kuna vyumba kinasahaulika. Asiyeweza kuipata, kwa mfano mwenye figo zilizochoka au mzio wa dawa za jamii hiyo, mpe dripu ya Ringer ya kutosha kama moyo unahimili.

Kuingia. Duodenoskopu hutazama ubavuni, siyo mbele, kwa hiyo unapita koo na tumbo kwa kuhisi zaidi ya kuona. Ukifika sehemu ya pili ya duodeni, pinda kulia, vuta nyuma unyooshe mpira, papila ije katikati ya skrini. Mrija wa nyongo uko uelekeo wa namba 11 kwenye uso wa saa. Wa kongosho uko kwenye namba 1. Ingia na katheta iliyotangulizwa waya elekezi wa inchi 0.035 au 0.025, waya utangulie, dawa ya eksirei ifuate. Ukiisukuma dawa kabla hujajua uko mrija upi, unaweza kuijaza kongosho.

Ukigusa papila zaidi ya mara 5, ukapita dakika 5, au waya ukaingia kongosho zaidi ya mara 1 bila kutaka, hiyo tayari ni papila ngumu. Badili mbinu mapema: acha waya mmoja kwenye kongosho uingie na wa pili, au kata kwa kisu cha sindano kama mkono wako umezoea. Waya ukiingia kongosho mara kwa mara, weka stenti ndogo ya plastiki ya Fr 5 (Fr ni kipimo cha upana) kule kongosho kabla hujatoka.

Kuvuka. Sukuma waya uzunguke kidogo kidogo mpaka ufike juu ya mbano. Fuata na katheta, nyonya nyongo KABLA ya kuweka dawa. Nyongo iliyojaa shinikizo na vijidudu, ukiiongezea dawa, unavisukuma viingie kwenye damu, na mgonjwa anaanza kutetemeka akiwa bado mezani. Kisha weka dawa kidogo, pima urefu wa mbano.

Kukata sfinkta si lazima kwa stenti moja, iwe ya plastiki au ya chuma. Kila mkato una damu yake.

---

SistaMnyoofu | #6

Naongezea upande wa meza, maana stenti nyingi huharibikia mikononi mwetu wasaidizi.

Kipimo cha Fr: gawa kwa tatu upate milimita. Stenti ya plastiki ya Fr 10 ina upana wa nje wa milimita 3.3. Tundu la duodenoskopu ya tiba ni milimita 4.2, kwa hiyo inapita kwa kubana. Stenti ya chuma inaingia imekunjwa ndani ya ganda la Fr 8 hivi, ikishafunguka ni milimita 10. Upana mara tatu, eneo la mlango mara tisa. Huo ndio msingi wa chuma kudumu kuliko plastiki.

Urefu wa plastiki: daktari anavuta katheta kutoka mwisho wa juu wa mbano mpaka kwenye papila, nawe unapima nje kwenye mlango wa endoskopu umbali uliovutwa. Ongeza sentimita 2: moja ipite juu ya mbano, moja ibaki duodeni. Nyingi za chini huishia sentimita 7 au 9. Kumbuka urefu ulioandikwa kwenye pakiti huwa ni wa kati ya bawa na bawa (vishikizo vya pembeni vya stenti), siyo ncha kwa ncha.

Mpangilio kwenye waya: katheta ya ndani, stenti, kisukumio. Endoskopu ikae karibu na papila. Ikikaa mbali, stenti inajikunja kwenye duodeni badala ya kupanda. Daktari ananyanyua kinyanyuzi (kijiti cha kuelekeza kwenye ncha ya endoskopu) na kushusha, hatua ndogo ndogo, wewe unashikilia waya usilegee. Wakati wa kuachia, waya na katheta ya ndani vinatoka KISUKUMIO KIKIWA KIMETULIA. Ukivuta vyote pamoja unaondoka na stenti.

Chuma ni tofauti. Ganda la nje linavutwa polepole, na stenti za kusukwa hupenda kukimbilia juu zinapofunguka, kwa hiyo daktari anaivuta chini taratibu muda wote huku akiangalia alama kwenye eksirei na kwenye kamera. Za kusukwa hufupika zinapotanuka, nyingine hata theluthi ya urefu. Zilizokatwa kwa leza hazifupiki karibu kabisa. Soma pakiti kabla ya kufungua. Baadhi ya za kusukwa unaweza kuzirudisha ndani ya ganda kabla ya kupita alama ya mwisho. Ya leza ukishaanza kuifungua hairudi.

Ncha ya chini ibaki duodeni kwa milimita 5 hadi 10. Ikining'inia ndefu inachimba ukuta wa mbele yake na kuleta kidonda. Ikiwa imezama ndani ya mrija, siku ya kurudi kuifungua hutaipata kirahisi.

Msishtuke stenti ikionekana nyembamba kiunoni kabla mgonjwa hajatoka. Inaendelea kutanuka yenyewe kwa siku mbili tatu. Puto la kutanua halihitajiki mara nyingi.

---

DaktariTarajali | #7

Asante Sista. Sasa kwa nini tusiweke chuma kwa kila mtu?

---

Kinyanyuzi | #8

Kwa mbano la chini la saratani iliyothibitishwa, mimi jibu langu ni chuma ya milimita 10. Zamani tulisema plastiki kwa anayetarajiwa kuishi chini ya miezi mitatu au minne, na bado hoja hiyo ina nguvu pale mfuko unapobana. Ila hesabu ifanywe nzima. Utafiti wa Amsterdam wa mwaka 1992 ulipata plastiki inakaa wazi siku 126 kwa wastani wa kati, chuma siku 273. Plastiki ina bei ndogo ya kununua, lakini kila ikiziba kuna ERCP nyingine, kitanda kingine, antibiotiki, na nauli. Mtu wa Kigoma anayefuata huduma Dar es Salaam anasafiri zaidi ya kilomita 1,200 akiwa na homa. Hiyo gharama haimo kwenye bei ya stenti, na ndiyo inayoua.

Plastiki huziba kwa sababu inayoeleweka. Protini na vijidudu kutoka utumboni hujenga utando ndani ya bomba, vijidudu hivyo vinachangua bilirubini, inaganda na kalsiamu, na nyuzi za chakula kutoka duodeni zinanasa humo. Ni tope la taratibu. Ndiyo maana inabadilishwa kila baada ya miezi 3, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Kusubiri dalili ni kusubiri homa.

Chuma isiyofunikwa haizibi kwa tope kirahisi. Adui yake ni uvimbe kuota kupitia matundu ya wavu. Iliyofunikwa inazuia huko kuota, ila inateleza kwa urahisi zaidi, na ikipita mbele ya mlango wa kifuko cha nyongo inaweza kuleta mchochota wa kifuko, hasa kama uvimbe tayari umeshika mlango huo. Tofauti ya muda wa kukaa wazi kati ya hizi mbili si kubwa kiasi cha kugombana.

---

Mionzi | #9

Mkuu, umesema ya chini. Naomba niseme ya juu, maana ndiko tunakoumiza watu.

Saratani ya lango la ini tunaipanga kwa Bismuth (mpango wa aina kulingana na mahali uvimbe ulipofika). Aina ya I haijagusa makutano. II imefika makutano. IIIa imepanda matawi ya kulia, IIIb ya kushoto. IV imepanda pande zote mbili. Kabla ya kumgusa mgonjwa fanya MRI ya mirija ya nyongo, kisha kaa na mtu wa picha mchore njia: mrija upi mnene, sehemu ipi ya ini imenyauka, sehemu ipi ina vena ya lango iliyoziba.

Lengo ni kukausha angalau nusu ya ujazo wa ini lenye afya. Upande wa kulia una takriban asilimia 55 hadi 60, kushoto 30 hadi 35, kipande cha nyuma karibu 10. Kwa hiyo kushoto peke yake mara nyingi hakutoshi, ila kama kulia kumenyauka basi kushoto ndiko kwenye uhai. Kukausha kipande kilichonyauka hakushushi bilirubini, kunaleta njia ya vijidudu tu.

Kanuni ambayo ningeiandika ukutani: usiweke dawa ya eksirei kwenye mrija ambao hutaweza kuukausha. Nyongo iliyotulia bila vijidudu nyuma ya mbano inaweza kukaa hivyo. Ukiipeleka dawa na vijidudu vya duodeni halafu ukashindwa kupitisha stenti, umetengeneza jipu la ini. Ikitokea, bomba la kupitia ngozini liwekwe mapema, bila kungoja homa ipande.

Na kule juu chuma iwe ISIYOFUNIKWA. Iliyofunikwa inaziba matawi ya pembeni.

---

Mpasuaji_Ini | #10

Naafiki Mionzi, na naongeza: aina ya III na IV zinaweza kushughulikiwa vizuri zaidi kwa bomba la kupitia ngozini, au kwa njia zote mbili. Asiyekuwa na mtu wa bomba la ngozini jengoni asianze ERCP ya aina ya IV. Ampe rufaa kwanza.

Kuhusu chuma mbili, kulia na kushoto: kuna namna ya moja kupenya matundu ya nyingine kama herufi Y, na namna ya kulala sambamba. Ya kwanza ni ngumu kuweka, ya pili inahitaji mrija mpana chini ili zote zitoshee. Kinachoamua ni mkono wa anayeweka na stenti alizonazo.

---

Mfamasia_wa_Zamu | #11

Kuwashwa, wakuu. Watu wanasahau hapa.

Unga wa kolestiramini hufanya kazi kwa kunasa chumvi za nyongo utumboni. Mrija ukiziba kabisa hakuna nyongo utumboni, kwa hiyo hakuna cha kunasa. Mgonjwa anakunywa unga mzito wa kuchukiza bila faida, na unga huo unanasa na dawa nyingine, kwa hiyo zitenganishwe kwa masaa. Dawa za mzio kama klorofeniramini zinamlaza tu. Stenti ikiwa haijawekwa au imeshindwa, setralini miligramu 25 ukipanda taratibu hadi 75 au 100 kwa siku inasaidia wengine. Rifampisini miligramu 150 mara mbili kwa siku nayo husaidia, lakini inapaka mkojo na machozi rangi ya chungwa, inagombana na dawa nyingi zikiwemo za VVU na warfarini, na inaweza kuumiza ini. Uliza dawa zote anazotumia kabla ya kuandika.

Wenye saratani ya kongosho wanaoharisha choo cha mafuta kinachoelea hata baada ya stenti wanahitaji vimeng'enya vya kongosho: kuanzia uniti 50,000 kwa mlo na 25,000 kwa kitafunwa, vimezwe katikati ya kula, siyo baada ya kumaliza. Chai ya moto sana inaviharibu vikifunguliwa humo.

---

DaktariTarajali | #12

Mgonjwa amerudi wodini. Nitajuaje stenti inafanya kazi? Na saa ngapi niogope?

---

SistaMnyoofu | #13

Mwanangu, masaa 6 ya kwanza angalia tumbo. Maumivu makali ya chembe cha moyo yanayopenya mgongoni, pima lipesi au amilesi (vimeng'enya vya kongosho kwenye damu): mara tatu ya kawaida pamoja na maumivu ni mchochota wa kongosho. Maumivu na tumbo gumu, au hewa chini ya ngozi ya shingo, fikiria kutoboka. Piga CT, siyo eksirei ya kawaida. Choo cheusi au mapigo yanayopanda baada ya kukatwa sfinkta, fikiria damu, na inaweza kuja hata wiki moja au mbili baadaye. Homa na kutetemeka ndani ya siku tatu: mirija haijakauka vizuri.

Kuwashwa ndiko hutulia kwanza, ndani ya siku chache. Choo kinarudi rangi. Bilirubini ishuke angalau nusu ndani ya siku 14. Iliyokuwa juu sana kwa wiki nyingi hushuka taratibu, kwa sababu sehemu yake imeshikamana na albumini (protini ya damu) na inaondoka kwa kasi ya albumini. Isiposhuka kabisa, rudia picha. Ultrasaundi ikionyesha hewa ndani ya mirija ya ini, stenti kwa kawaida iko wazi, maana hewa imepanda kutoka duodeni. Mirija minene isiyo na hewa, stenti inashukiwa.

---

Kinyanyuzi | #14

Nikusanye kinachoharibika baadaye na dawa yake.

Plastiki imeziba: itoe kwa koleo au kitanzi, weka nyingine, na hapo ndipo pa kuuliza kama ifuatayo iwe chuma. Plastiki imeshuka utumboni: mara nyingi hutoka na choo, ila inaweza kutoboa, hasa kwenye henia au utumbo wenye mikunjo, kwa hiyo asiambiwe tu "itatoka". Imepanda ndani ya mrija: puto, kikapu, au kitanzi juu ya waya.

Chuma imeota uvimbe ndani, au uvimbe umepita juu ya ncha yake: chuma ya pili ndani ya ya kwanza, au plastiki ndani yake kwa mtu ambaye siku zake zimebaki chache. Tope na chakula: fagia kwa puto. Msitoe kauli kwamba "stenti imefeli" kabla ya kujua ni ipi kati ya hizi.

Duodeni imebana: hapo mgonjwa anatapika chakula cha jana. Katika ulinganisho ule wa London, asilimia 17 ya waliowekewa stenti walipata tatizo hili baadaye. Fungua nyongo kwanza, halafu duodeni, kwa sababu stenti ya duodeni ya milimita 22 ikishafunika papila, kuipata papila kupitia matundu ya wavu ni kazi ngumu. Pasipofikika, kuna njia ya ultrasaundi ya endoskopu: unachoma mrija kutoka duodeni au tumboni na kuweka stenti yenye mabega mawili. Ni njia nzuri mikononi mwa aliyeifanya mara nyingi. Pengine, bomba la ngozini.

---

TibaShufaa | #15

Niseme kwa niaba ya anayelala na mgonjwa nyumbani.

Homa ya nyuzi 38 au kutetemeka kwa mtu mwenye stenti ya nyongo ni dharura. Siyo malaria mpaka ithibitike hivyo, na hata kipimo cha malaria kikirudi chanya bado stenti iangaliwe. Watu wanapoteza siku tatu kwenye duka la dawa na maambukizi ya mirija yanageuka sumu ya damu. Hospitali ya kwanza anayofika ianzishe antibiotiki za mshipa na dripu, ichukue damu ya kuotesha kama inaweza, na ipige simu kituo cha ERCP muda huohuo. Antibiotiki bila kufungua mrija hazimalizi kazi.

Na tuseme ukweli kwa upole. Kuna mgonjwa ambaye halali tena mezani, ambaye wiki zake ni chache na hana homa. Kumsafirisha kwa ajili ya bilirubini peke yake ni kumnyang'anya siku za nyumbani. Muulizeni kinachomsumbua. Kama ni kuwashwa, dawa za Mfamasia. Kama ni maumivu ya kongosho, mofini ya maji kwa saa maalum na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Familia ihusishwe, lakini jibu la kwanza litoke kwa mgonjwa.

---

Mionzi | #16

TibaShufaa amegusa jambo: kituo cha ERCP kinapopigiwa simu, swali la kwanza ni "stenti gani, lini?" na kwa kawaida hakuna anayejua. Eksirei ya tumbo ya kawaida inaonyesha kama ni wavu wa chuma au bomba, lakini haionyeshi tarehe. Aondoke na kadi.

---

Kinyanyuzi | #17

Kadi hii hapa, mnaweza kuinakili. Ichapwe kwenye karatasi ngumu, nakala moja kwa mgonjwa, picha yake ibaki kwenye simu ya ndugu wawili:

"Nina stenti kwenye mrija wa nyongo.
Aina: plastiki / chuma isiyofunikwa / chuma iliyofunikwa.
Upana na urefu: ____
Mahali: chini / lango la ini, kulia / kushoto.
Imewekwa tarehe: ____
Ya plastiki ibadilishwe kabla ya tarehe: ____
Sfinkta imekatwa: ndiyo / hapana.
Nikipata homa, kutetemeka, macho ya njano, mkojo mweusi au kuwashwa upya, niende hospitali siku hiyohiyo. Mhudumu: tafadhali anza antibiotiki za mshipa na piga simu namba ____, saa yoyote."

---

SistaMnyoofu | #18

Daktari, ongeza mstari wa mzio wa dawa, na mstari wa MRI. Stenti nyingi za nitinoli (aina ya chuma) zinaruhusiwa kwenye mashine kwa masharti yaliyo kwenye pakiti, kwa hiyo kibandiko cha pakiti chenye jina na namba ya stenti kibandikwe nyuma ya kadi kabla pakiti haijatupwa. Namba ya simu iwe ya chumba cha endoskopi, siyo ya mtu mmoja. Mtu huhama.

---

Kinyanyuzi | #19

Nimeongeza yote matatu, Sista.